Mchumba Wangu Alivyoiba Barafu Yangu

"Huyu mwanamke si mjamaa. Shamba la pamoja hajui hata lilipo."

Aliyesema hivyo mbele ya mkutano wa kijiji alikuwa Yoramu. Mchumba wangu! Mahari ilikuwa imeshatolewa.

Nilikuwa nimekaa palepale, viganja vimejaa malengelenge ya kulima shamba hilohilo.

Wajukuu mnaosoma hapa, msiseme bibi anatunga. Ilikuwa miaka ya sabini, kijiji chetu cha Ujamaa karibu na Bukene. Mimi Koleta nilikuwa mwalimu wa Hisabati mwenye shahada mbili, na Yoramu naye alikuwa na zake.

Chuo kimoja cha nchi za baridi kilitangaza nafasi ya kusomea shahada ya uzamivu kwa Mtanzania mmoja. Utafiti wenyewe ulikuwa kupiga hesabu jinsi ile barafu kubwa ya ncha ya dunia inavyotembea.

Ndiyo, barafu inatembea.

Sharti la huku lilikuwa kijiji kithibitishe kuwa mwombaji anashiriki kazi za pamoja. Niliitaka nafasi ile kuliko ndoa.

Siku chache kabla ya mkutano, nilimwonyesha Yoramu wazo langu. Nilimwaga asali katikati ya sinia, ikasimama kama kichuguu, kisha ikaanza kujitandaza polepole kwa uzito wake.

"Barafu nayo iko hivi," nikamwambia.

Akacheka mpaka machozi. "Koleta, watu wanatafuta maji, wewe unatafuta barafu?"

Halafu akaniomba nirudie kumimina...

Kumbe jamaa anacheka huku anakariri.

Mwenyekiti wa kijiji, mzee Masolwa, alikuwa mjomba wake. Mnaona mchezo?

"Ndugu Mwenyekiti," Yoramu akaendelea pale mkutanoni, "mimi niko tayari kujitolea kwenda badala yake."

Kujitolea! Mtu ambaye jembe lake lilikuwa bado na rangi ya dukani.

Jina langu likakatwa, lake likaingia. Mkutano ulipoisha nikamfuata.

"Yoramu, umenichoma kwa nini?"

"Mwanamke alee watoto. Nitakuletea picha za barafu."

Nikageuka nikaenda zangu. Hata tusi lingekuwa heshima kwake.

Profesa wa chuo kile, mama mmoja mrefu, akaja Tabora mjini kumsaili kwenye ukumbi mmoja pale Gongoni. Masolwa kwa kupenda sifa akapakia watu kwenye lori twende tukamshangilie mpwa wake. Nami nikapanda. Nilitaka kuona kwa macho yangu nafasi yangu ikizikwa.

Yoramu kavaa suti ya Kaunda, kashika sinia la shaba. Alipofungua chupa ya asali, nikajiziba mdomo.

Sisi wa huku mgeni mkubwa hatumpi asali ya kila siku. Basi jamaa, kwa mbwembwe zake, kaagiza kutoka Usinge asali ya nyuki wadogo, ile adimu ya dawa. Ni tamu kweli, lakini nyepesi mno, inakimbia karibu kama maji.

Akamimina.

Ikakimbia, ikavuka ukingo wa sinia, ikaishia kwenye sketi ya profesa.

"Kama barafu inakimbia hivi," profesa akauliza, "mbona haijaishia yote baharini?"

Yoramu akakohoa. "Inategemea... msimamo wa nchi husika."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mimi nilicheka kuliko wote.

"Wazo hili ni lako?" profesa akamuuliza.

Yoramu akageuka kumtazama mjomba wake.

Akasimama mzee Masolwa, yuleyule aliyekata jina langu.

"Ndugu mgeni, pametokea kutoelewana kidogo. Tuliyemteua ni Ndugu Koleta, mjamaa wa mfano. Huyu kijana tulimleta apange meza."

Mpwa wake wa damu... Nilikuwa namdharau Yoramu, lakini dakika ile mjomba alimpita kwa unafiki. Hata hivyo nikaenda mbele.

Nikaomba asali ya kawaida, nzito. Nikaeleza kwamba theluji inaongezeka katikati, uzito unasukuma barafu pembeni, na hesabu ni ya kujua kama kinachoingia kinalingana na kinachotoka. Profesa akaniuliza maswali mpaka tukasahau kama kuna watu.

Nafasi nikapewa mimi.

Nje, Yoramu alinisubiri kando ya lori, mikono ya suti inanata.

"Mke wangu," akaanza kwa sauti ya upole ambayo nilikuwa sijawahi kuisikia, "hivi... kule wanaruhusu mtu kwenda na mume?"

"Wanaruhusu," nikamjibu. "Nikimpata nitaenda naye."

Nikapanda lori, nikakaa mbele na dereva.

Sasa nyie mnaohangaika na nafasi za kusoma, sikieni. Haki yako hata ikirudishwa na mnafiki, ichukue, wala usimshukuru. Mimi Masolwa sikumpa hata mkono.