Fundo la Kumi na Mbili

Koleta alikuwa hajamaliza kufagia uwanja wakati Bibi Apolinaria alipomwita kutoka barazani.

"We Koleta! Acha ufagio, mlete na mdogo wako. Leo tunafumua!"

Koleta alikuwa na miaka kumi na miwili, na mdogo wake Benedikta alikuwa na kumi. Walikuja mbio, wakamwamkia bibi yao, wakaketi mkekani. Mbele yao palikuwa na sweta mbili kuukuu za jeshi, rangi ya majivu. Mjomba wao alirudi nazo kutoka vitani, na panya walikuwa wameshakula mikono yote. Bibi alivuta ncha ya uzi, na safu zikaanza kufumuka moja baada ya nyingine. Wasichana wakakunja uzi ule kuwa madonge huku wakicheka.

Hiyo ilikuwa zamani za Mwingereza, mwanzo wa Desemba. Nyumba yao ilikuwa nje kidogo ya mji wa Tabora, kando ya njia ya zamani waliyopita wapagazi wa misafara kwenda pwani. Baba yao, Kasimiri, alifanya kazi ya reli katika stesheni ya Igalula. Kazi yake ilikuwa ya kusimama nje, mvua inyeshe, upepo uvume. Mwaka uliotangulia alianza kukohoa Krismasi, akakohoa mpaka Pasaka. Mwaka huu angefika nyumbani mkesha wa Krismasi na kurudi kazini siku mbili baadaye. Bibi alikuwa ameapa kwamba mwanawe hatarudi Igalula bila sweta ya sufu.

"Mikono nitafuma mimi," alisema Bibi. "Koleta atafuma mgongo, Benedikta kifua. Mmeelewa?"

"Ndiyo, Bibi."

Sindano zao zilikuwa njiti za gurudumu la baiskeli, zilizonolewa juu ya jiwe hadi zikawa laini. Macho ya Bibi yalikuwa yamefifia. Vidole vyake vilifuma vyenyewe bila kutazama, lakini kuhesabu safu za wajukuu asingeweza. Kwa hiyo alimpa kila mmoja kamba nyembamba ya katani.

"Kila mkimaliza safu kumi, fungeni fundo moja," akawaambia. "Mafundo yakifika kumi na mawili, kazi imekwisha. Baba yangu alikuwa mpagazi. Hakujua kusoma wala kuandika, lakini safari nzima ya kwenda pwani aliibeba kwenye kamba kama hizi. Hakupotea hata siku moja."

Mama yao, Marcelina, alikuwa akisikiliza huku anachagua mchele. Mama alijifunza kuoka kwa masista, na nyuma ya nyumba alikuwa amechimba tanuri ndani ya kichuguu. Keki yake ya Krismasi, yenye asali ya Ipole na karanga, ilijulikana kijiji kizima.

"Nami naongeza langu," alisema Mama. "Atakayetangulia kumaliza mafundo yake, ndiye atakayeziba tanuri siku ya keki. Na bakuli la rojo ya keki atakomba yeye."

Lo! Koleta nusura aruke. Kuziba mdomo wa tanuri kwa udongo ilikuwa kazi ya wakubwa. Na lile bakuli! Aliyewahi kulikomba haulizwi kwa nini alitaka kulikomba tena.

Wiki ya kwanza Koleta alifuma kama mtu anayekimbizwa. Benedikta alifuma polepole, ulimi nje pembeni ya mdomo, akikosea anafumua, akifumua anaanza upya.

"Wewe utamaliza Kwaresima," Koleta alimtania.

"Kwaresima baba atakuwa amevaa," Benedikta alijibu, wala hakuinua macho.

Lakini wiki ya pili mambo yakageuka. Wenzake Koleta walikuwa wakicheza rede, ule mchezo wa kukwepa mpira, uwanjani kwa jirani, na vidole vilimwuma. Jioni moja akatazama kamba ya mdogo wake, akaona mafundo manane. Yake pia yalikuwa manane. Moyo ukamlipuka. Huyu kobe amenifikia lini?

Akatazama huku na huku, kisha akafunga fundo la tisa. Safu zenyewe alikuwa hajafuma hata moja. "Kesho nitafuma ishirini," alijiambia, "nitalipia." Kesho yake akacheza rede. Keshokutwa yake akafunga fundo jingine la uongo, kwa kuwa Benedikta naye alikuwa ameongeza moja. Na la tatu likafuata. Wallahi, fundo la kwanza ndilo lililomsumbua. La tatu alilifunga huku anapiga mluzi.

Baada ya hapo alifuma safu kumi tu za kweli, akawa wa kwanza kufikisha fundo la kumi na mbili. Akafunga mwisho wa ule mgongo alioufuma, akaukunja vizuri ili usipimwe na mtu. Donge la sufu lililobaki lilikuwa kubwa kuliko ngumi, nalo lingemwumbua. Akalificha ndani ya tenga la kuku mwekundu, yule aliyeacha kutaga tangu mavuno.

Siku tatu kabla ya Krismasi, Mama alikoka moto tanurini tangu asubuhi. Kichuguu kilipopata moto sawasawa, akakomba makaa yote na kuingiza keki mbili zilizojaa pomoni. Koleta akaziba mdomo kwa bati, akapaka udongo kwa viganja vyake mwenyewe. Mama akamsifu. Kisha Koleta akashika bakuli kwa mikono miwili na kuingia barazani kama malkia. Benedikta naye alikuwa amemaliza fundo lake la mwisho asubuhi ileile.

"Haya, leteni kazi zenu," alisema Bibi. "Keki ikiwa tanurini, sisi tuunganishe sweta."

Bibi akalaza kifua juu ya mgongo, akapapasa upande mmoja, akapapasa upande wa pili. Mikono yake ikasimama.

"Mbona hivi? Mgongo umepungua kiganja kizima! Leteni kamba."

Akahesabu mafundo ya Koleta kwa kidole gumba, kumi na mawili. Akahesabu ya Benedikta, kumi na mawili. Bibi akageukia upande wa mdogo.

"Beni, mjukuu wangu, nadhani wewe ulipotewa na hesabu. Umefuma kupita kiasi. Itabidi ufumue safu thelathini ili vilingane."

"Lakini Bibi, nilihesabu! Kila safu nilihesabu!"

"Najua ulijitahidi. Ila dada yako ni mkubwa, na kamba yake ni sahihi. Fumua, mama, hakuna aliyekasirika."

Benedikta hakubisha tena. Machozi yalimtiririka, akashika ncha ya uzi na kuvuta. Safu moja ikaenda. Ya pili ikaenda. Uzi ulikuwa ukitoka umejikunjakunja, na Koleta alisimama pale akiwa na kidole kilichojaa rojo ya keki. Alikipeleka mdomoni. Hakikuwa na utamu wowote. Aliona mikono ya mdogo wake ikirudisha nyuma kazi ya siku nyingi. Akamwona pia baba yake, gizani Igalula, upepo unampiga kiunoni palipo wazi. Safu ya tatu ikaenda.

"Acha!" Koleta alipiga kelele. "Beni, acha! Kamba yangu ni ya uongo. Mafundo matatu niliyafunga bila kufuma."

Mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Na sufu iliyobaki iko wapi?" aliuliza Mama.

Koleta akaenda tengani. Kuku mwekundu alikuwa amelala juu ya donge, amejaa hasira. Akamdonoa mkono mara mbili kabla hajaachia. Na chini yake, katikati ya sufu, palikuwa na yai la moto! Koleta akarudi analia, donge mkono mmoja, yai mkono mwingine. Bibi akajaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Hata kuku ameona aibu akafanya kazi!" alisema. Kisha akawa mzito. "Umefanya vibaya, Koleta. Lakini umesema kabla safu hazijaisha. Sasa tutafanyaje?"

"Nitafumua ule mwisho nifume safu thelathini, Bibi. Beni afungue tanuri. Na bakuli ni lake." Akamgeukia mdogo wake. "Nisamehe, Beni."

Benedikta akafuta pua kwa kiganja. "Bakuli umelikomba nusu tayari," alisema. Wote wakacheka, hata Koleta aliyekuwa bado analia.

Siku mbili Koleta hakuenda kwenye rede. Alifuma asubuhi, akafuma mchana, harufu ya maandazi ya Mama ikimpita puani. Jioni Benedikta, aliyekwisha kuzirudisha safu zake tatu, alikaa kando yake kuhesabu safu kwa sauti. Bibi alimpa kamba mpya, na fundo la mwisho, lile la kumi na mbili, alilifunga mkesha wa Krismasi baada ya chakula cha mchana, na Bibi akaiunganisha sweta palepale.

Alasiri baba akafika amelowa chapachapa. "Hodi!" Watoto wakamrukia. Kabla hajaketi, Bibi alishamvika sweta. Baba akageuka mbele, akageuka nyuma, akaishika chini. Ilimfunika kiuno chote.

"Mgongo huu kaufuma nani? Una joto kama tanuri!"

Koleta akainamisha kichwa, akamweleza yote mwenyewe, hakuficha kitu. Baba akamtazama, akampapasa kichwani, akamwachia Bibi neno.

"Wapagazi walipewa posho kwa hesabu ya mafundo," alisema Bibi. "Aliyefunga fundo la uongo hakufika kambini mapema, wanangu. Njia ilikuwa ileile. Alijikuta tu porini, chakula kimekwisha, na wenzake wanabeba mzigo wake. Ndiyo maana wazee wetu wakasema, njia ya mwongo ni fupi. Kazi ifanye kweli, na ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajaanza kufumua yake kwa ajili yako."

Mama akakata keki. Baba alipomaliza kipande cha pili, aliomba ile kamba mpya aende nayo Igalula.

"Nitafunga fundo kila siku mpaka nitakaporudi kwenu," alisema.

"Baba," Koleta alisema, "usifunge ya uongo!"

Nyumba nzima ikaangua kicheko, na Benedikta akamsogezea dada yake bakuli.