Vigingi Kumi na Vinne vya Ipuli

Kifuniko cha birika kiligongagonga, kikatulia, kikagonga tena. Kulikuwa bado hakujapambazuka. Inspekta Recheli aliepua birika, akamimina chai, na kabla hajatia sukari simu ikalia.

"Jambo, afande," alisema Koplo Sadiki. "Ipuli kumeibiwa vigingi. Kumi na vinne, vile vya barabara ya mradi mpya wa nyumba."

"Nani aligundua?"

"Mlinzi wa greda. Na mtuhumiwa tunaye tayari. Adinani, fundi seremala."

"Mmemkuta navyo?"

"Hapana. Ila wiki jana mkutanoni aliapa kwamba barabara ikipita kwenye karakana yake, atavitafuna vigingi vyote."

"Kwa hiyo mnamkagua meno?"

Koplo alicheka kidogo, kisha akajutia kicheko chake. Recheli alifunika chai yake kwa kisahani na kutoka.

Jua lilimkuta pembezoni mwa Ipuli, penye mashamba ya mihogo, nyumba za matofali ya udongo na nyua za minyaa. Huko ndiko vilikokuwa vikipimwa viwanja mia mbili. Mpima ardhi, Revocatus, alikuwa akienda huku na huku na mchoro wake kwapani.

"Afande, greda inaanza kazi saa nne. Nitalima wapi barabara?"

"Kwanza nione mahali pa tukio."

Alichuchumaa mahali palipong'olewa kigingi cha kwanza. Hapakuwa na shimo. Lilikuwa limefukiwa, udongo ukashindiliwa ukalingana na ardhi. La pili vivyo hivyo. La tatu pia. Njia ile hupitwa na watoto waendao shule, na mbuzi pia.

"Nimeona wezi wa kila namna," Recheli alisema taratibu. "Huyu ni wa kwanza kuhofia mtu asije akavunjika mguu."

Juu ya kila shimo palikuwa na alama ya kiganja. Kidogo, cha mkono wa kushoto, vidole vitano. Kando yake, kijishimo cha duara kama cha ncha ya fimbo. Aliagiza alama zipigwe picha, kisha akaliendea gari la polisi.

Adinani alikuwa amekaa nyuma, kanuna.

"Nyoosha mkono wa kushoto, fundi."

Akaunyoosha. Vidole viwili havikuwapo.

"Viliendaje?"

"Msumeno, mwaka juzi. Na hawa vijana wako wameushika mkono huu wakautia pingu, wasivione!"

"Mfungueni," Recheli alisema. "Pole sana, fundi."

"Nishapoa. Ila yale niliyosema mkutanoni nayarudia. Wanapima kwanza, ndipo wanatuuliza."

Recheli alirudi njiani. Kati ya shimo la saba na la nane aliona jambo. Nyasi zilikuwa zimeota kila mahali, ila kipande kimoja, hakizidi upana wa kanga, kilikuwa kimefagiliwa. Si jana tu. Ardhi ile ilikuwa laini kwa kufagiliwa miaka. Hatua chache kutoka hapo lilisimama jiko la nje la nyumba ndogo.

"Hii nyumba ya nani?"

Revocatus alipekua fomu zake. "Marehemu Anselm. Alifariki mwezi wa pili. Tulimhoji mwenyewe mwaka jana, hii hapa saini yake. Nyumba moja, jiko, choo. Makaburi: hakuna."

"Mlimhoji na mkewe?"

"Mkuu wa kaya akishajibu, inatosha."

"Na huu mchoro umeidhinishwa?"

Revocatus alijikuna shingo. "Muda wa wananchi kutoa maoni unaisha Ijumaa."

"Leo Jumanne. Nani aliwaruhusu kuweka vigingi?"

Revocatus aliukunja mchoro, akaurudisha kwapani.

Bibi Apolinaria, mjane wa Anselm, alikuwa amekaa kizingitini akichambua maharage. Mkongojo wake umeegemezwa mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nilidhani mtakuja na mbwa."

"Vigingi viko wapi?"

"Ndani, chini ya kitanda. Vihesabu, visije vikapungua."

"Ulikuwa na nani?"

"Na mkongojo wangu. Kwani vilikuwa na mizizi? Nilianza jogoo la kwanza lilipowika."

"Mbona hukuvichoma?"

"Mali ya watu! Kuni nimeomba kwa jirani."

Recheli alivuta kigoda, akaketi karibu naye. "Pale panapofagiliwa, bibi, pana nini?"

Mikono ya bibi ilisimama juu ya ungo.

"Mwanangu wa kwanza," alisema. "Wa kike. Aliishi siku tatu. Kwetu, mtoto ambaye hajatolewa nje haendi makaburini. Wanawake ndio humzika, nyuma ya jiko, wala mwanamume haonyeshwi. Walionisaidia wote wameshatangulia."

"Kwa hiyo mzee aliposema hakuna kaburi..."

"Hakusema uongo. Hakujua. Kwenye fomu waliuliza makaburi, naye kwake kaburi ni lenye msalaba." Alipangusa macho kwa upindo wa kanga. "Alipolala kitanda cha mwisho aliniomba. 'Mama wa watu, nionyeshe mtoto wangu alipo.' Nikaona haya, nikamwambia kesho, ukipata nguvu. Kesho yenyewe hakuamka. Kila asubuhi napafagia na kumwambia mtoto, baba yako alikuulizia."

Koplo Sadiki, aliyekuwa amesimama uani pamoja na mpima, aligeuka akatazama barabarani.

"Mbona hukusema mkutanoni?" Revocatus aliuliza, sauti imeshuka.

"Palijaa wanaume, baba. Ningesimama niseme nini? Niliposikia greda inakuja leo, nikaona wasipojua pa kupita, watasimama. Wamesimama."

Recheli alifungua daftari, akaandika maelezo yote, akamsomea polepole. Bibi akaweka dole gumba.

"Kung'oa vigingi ni kosa, bibi. Kesho utakuja kituoni, tutakufuata kwa gari. Nitaandika na hili, kwamba viliwekwa kabla ya wakati wake." Kisha akamgeukia mpima. "Na wewe, unazo fomu za maoni?"

Revocatus alitoa moja. Alipiga magoti kwenye vumbi, akatandaza mchoro, akapima kwa rula. "Barabara inaweza kukunja mita nne upande wa mihogo. Siahidi, bibi. Ila nitaandika na kuisimamia. Na greda haiwashwi." Alichora alama ndogo nyuma ya jiko. "Hapa wanataka jina la marehemu."

Bibi aliusogeza ungo kando.

"Hakupewa. Siku tatu, nani angempa?" Akageukia upande wa jiko. "Andika Konsolata. Ndilo nililokuwa nikimwitia moyoni."

Revocatus akaandika, herufi kwa herufi. Koplo akatoa vigingi chini ya kitanda, akavihesabu: kumi na vinne.

Walipoaga, bibi aliinuka akawasindikiza mpaka uani, akaushika mkono wa Recheli asiuachie.

"Utakuja tena?"

"Kesho, bibi, kwa ajili ya kesi."

"Siyo kesi. Miaka hamsini na miwili nimekaa naye peke yangu, sina mtu wa kuzungumza naye habari zake. Sasa wewe unamjua kwa jina. Siku yoyote ukipata nafasi, mwanangu, uje utusalimie."