Nira ya Mzee Rukunda

Soko la Baraka asubuhi halina adabu. Ukisimama kushangaa, utakanyagwa. Muhoza, binti wa wafugaji wa milimani, hakuwa hata amesimama. Alikuwa ameketi zake nyuma ya ndoo ya maziwa, kajifunga kikwembe cheupe, ndipo kijana mmoja mrefu, shati limenyooka kwa pasi, akarudi kinyumenyume akikwepa pikipiki na kummwagia mapajani mfuko wake wa ndagala, dagaa wabichi wa ziwani.

Muhoza alimpa vidonge vyake vyote. Kijana akasikiliza mpaka mwisho, akanunua maziwa yote yaliyobaki, kesho yake akarudi. Jina lake Néhémie, Mubembe, mtu wa kabila la ziwani, kutoka Nundu, mwalimu wa Kigiriki katika shule ya Biblia. Mwaka haukuisha soko zima likawa linajua wanapendana. Simu ya Muhoza ikilia, wauza mihogo walimwahi kumwambia chéri wake anaita.

Wakapeleka majina kanisani. Desturi ya pale, uchumba hutangazwa mbele ya watu Jumapili mbili, na mwenye pingamizi husimama. Akasimama Mzee Rukunda, baba mdogo wa Muhoza, akasema Paulo alikataza waamini kufungwa nira na watu wa namna nyingine, na Babembe ni namna nyingine. Wazee wa Kibembe nao wakaitikia amina, maana hawakumtaka binti wa milimani. Siku zote pande hizo mbili hazipatani, hapo zikapatana!

Muhoza akamtazama Néhémie. Mwanaume aliyefundisha neno hilo kila mwaka alikuwa anaangalia viatu vyake.

Jioni alipiga simu. Muhoza aliiacha ilie weee, mwisho akapokea.

"Roho yangu, sikutaka kupatisha muzee haya mbele ya watu."

"Basi ulinipatisha haya mi. Ile neno ya Kigiriki inasema nini?"

"Kufungwa nira na munyama wa namna ingine. Lakini Paulo anaongea juu ya mwenye kuamini na mwenye haamini. Kabila haiko mule."

"Unaniambia mi wa nini? Ambia kanisa. Ukinyamaza tena, usiniite roho yako."

Akakata. Alilia kwa hasira, na alimpenda kwa hasira hiyo hiyo.

Jumapili iliyofuata alivaa kikwembe chekundu chenye maua ya manjano, akaketi upande wa wanawake. Pasta akatangaza tena. Kabla Mzee Rukunda hajainuka, Néhémie alishasimama, jasho likimtoka. Akalisoma neno kwa Kigiriki, akaeleza Paulo alikuwa akisema na nani.

"Muhoza anaamini. Na mi naamini. Mwenye kusema hatulingane, atuonyeshe ni nani mupagani kati yetu."

Mzee Rukunda akajibu kwamba Kigiriki hakichungi ng'ombe, na kwamba harusini hatakanyaga, ng'o.

Muhoza akainuka. Pale mwanamke hahami benchi la wanawake ibada ikiendelea. Yeye alihama. Alikata kanisa katikati, mbele ya wazee wote, akaketi kwenye benchi la wanaume, bega kwa bega na Néhémie.

"Baba mudogo," alisema, "umechunga ng'ombe maisha yako yote, na hakuna hata moja ulifunga nira. Usianze na mi. Pasta, andika siku ya ndoa."

Pasta aliwatazama wazee wa pande zote mbili, kisha akaomba kalamu.