Nafasi Kando ya Santo

Dada yangu Merlinda na mumewe Santo walitoka msibani asubuhi, kabla jua halijawa kali. Msiba ulikuwa mtaa wa Molo. Jeneza lilikuwa sebuleni, wazee walikuwa barazani wakicheza karata, kahawa na biskuti zikipita. Marehemu alikuwa mpigapicha aliyewafundisha kazi wote wawili. Yeye pia aliitwa Santo. Kwa hiyo yeye na shemeji yangu waliitana somo, na kila Jumapili walizunguka mji wetu wa Iloilo kwa miguu, kamera shingoni, marehemu akitembea daima upande wa kushoto.

Kwetu mtu hatoki msibani akaenda nyumbani moja kwa moja. Hupitia kwanza sokoni au mgahawani, amwache huko marehemu aliyemfuata. Merlinda alikuwa na mtoto mchanga, Hiyas, aliyebaki na mama yetu. Mtoto ambaye utosi haujafunga hapelekewi mgeni wa namna hiyo.

"Tuzunguke na kamera," Santo alisema. "Tumsindikize somo kwa matembezi yake. Akichoka atabaki njiani."

"Somo wako achoke? Yule aliyenitembeza mpaka kiatu kikafungua mdomo?"

Walicheka kidogo. Ndivyo Merlinda alivyonisimulia. Mimi ni mhariri wa habari. Nilimuuliza maswali yangu yote, na picha nimeziona.

Walianzia kanisa la Molo. Wanafunzi walikuwa wamejazana kwenye ngazi wakila barafu. Merlinda alimketisha mumewe katikati yao, akapiga. Kisha akasema tunavyosema sote tunapoondoka mahali, tangu utotoni, ili roho ya mtu isisahaulike nyuma.

"Santo, twende. Tunarudi nyumbani."

Kule Calle Real watu walikuwa wamesimama chini ya vibaraza vya maduka ya zamani, bega kwa bega, wakikwepa jua. Akampiga mumewe kati yao. "Santo, twende. Tunarudi nyumbani."

Katika jipni ya kwenda La Paz, basi dogo la mabenchi mawili, abiria walining'inia hadi mlangoni. Dereva alikuwa akiwatazama kwenye kioo.

"Sogeeni hapo kushoto kwa kaka! Mnamwekea nani, mkwe?"

Hakuna aliyesogea. Mwanamke mwenye kikapu cha samaki aliitazama ile nafasi, akabaki ameinama mlangoni.

La Paz walikula tambi za supu kwa Mama Pasing, ndani ya soko.

"Leo mna sura kama noti zilizofuliwa," Mama Pasing aliwaambia. "Mmegombana?"

"Tumetoka msibani, mama," Santo akajibu.

Merlinda hakuinua kichwa. Alikuwa akizipitia picha kwenye kamera. Ngazi za Molo: watoto wamebanana mpaka wengine wamepakatana, lakini kushoto kwa Santo ngazi ilikuwa tupu, upana wa mtu mmoja. Calle Real: watu wamesongamana kivulini, na wengine wamesukumwa nje juani. Kushoto kwa Santo palikuwa na kivuli kisicho na mtu.

Akampa mama yule kamera. Mama Pasing alifuta mikono kwenye aproni kabla ya kuishika.

"Mmetoka msibani kwa nani?" aliuliza, sauti imeshuka.

"Kwa Santo."

"Na huyu mumeo?"

"Santo."

"Na mkiondoka mahali, unasemaje?"

Merlinda alimwambia yale maneno.

"Basi mnambeba wenyewe," Mama Pasing alisema. "Unamwita, anakuja. Mtu mwenye adabu akiitwa huja."

Baada ya La Paz ni Jaro, na baada ya Jaro ni kwetu. Waliketi kwenye benchi katika uwanja wa Jaro, kanisa mbele yao, mnara wa kengele peke yake ng'ambo ya barabara. Marehemu alipapenda pale. Walikubaliana. Hakuna neno. Merlinda angenyanyuka na kuondoka, mumewe angemfuata. Jina lisitajwe.

Ndivyo walivyofanya. Hakugeuka nyuma.

Katika jipni ya kurudi, mwanamume mmoja aliketi kushoto kwa Santo, ubavu kwa ubavu. Hakukuwa na nafasi tena. Merlinda alishusha pumzi. Kisha akaona kwamba yule bwana ameketi juu ya nusu ya paja la mumewe, na hakuomba radhi.

Nyumbani, Hiyas alikuwa amelala salama. Mama yetu aliandaa wali na samaki kwenye sahani mbili, yake na ya Merlinda.

"Na mumeo yuko wapi?"

"Nipo hapa, mama," Santo alisema. Alikuwa mlangoni, mbele yake, akivua viatu.

"Ah," mama akasema. Akaleta sahani. Kesho yake akasahau tena.

Mimi nilifika Jumamosi. Nilimkuta dada yangu akinyonyesha. Nikaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu, nikaanza kuuliza habari za mtoto.

"Kaka," sauti ikasema nyuma ya sikio langu, pole, bila hasira. "Umenikalia."

Nilikuwa nimeketi mapajani mwa shemeji yangu.

Niliruka. Yeye hakushtuka. Alikuwa amezoea, nadhani. Mapaja yake yalikuwa na joto la kawaida. Hilo nililihakikisha, kwa sababu ndilo la kwanza lililonijia akilini.

Merlinda alinisimulia yote bila kulia. Uso wake ulikuwa kama wa mtu anayesoma tangazo. Nikamwambia kilicho wazi: alimwacha mmoja asiyetakiwa, na katika kunyamaza akaiacha na roho ya mumewe. Turudi, amwite.

Tulikwenda siku ileile, saa ya mchana, watatu. Benchi lilikuwa na watu, wamebanana ncha zote mbili. Katikati paliachwa nafasi ya watu wawili. Mzee mmoja alisimama kando yake akijipepea kwa kofia.

"Mbona huketi, baba?" nilimuuliza.

"Wapi?" akasema.

Merlinda alisimama mbele ya ile nafasi. Alifungua kinywa. Blauzi yake kifuani ilikuwa imeanza kulowa maziwa, saa ya mtoto kunyonya ilikuwa imefika.

"Nikiita, watasimama wawili," alininong'oneza.

"Mwite kwa jina la ukoo."

"Marehemu alikuwa akiitika hata nikimwita mume wangu kwa ukoo. Ndio utani wao. 'Naam, mke wetu.' Unakumbuka?"

Nilikumbuka.

"Usiite," Santo alisema. Alikuwa kati yetu na tulikuwa tumemsahau. "Mtoto kwanza. Utosi ukifunga, utakuja uniite."

Merlinda alifunga kinywa. Tukaondoka bila neno. Kwenye jipni nililipa nauli ya watu wawili, na dereva hakuuliza.

Mwaka ukapita hivyo. Santo alikula alipokumbukwa. Alimbeba Hiyas, na Hiyas alitulia mikononi mwake, lakini macho ya mtoto yalitazama ukuta uliokuwa nyuma ya baba yake. Merlinda aliacha kupiga picha. Kila jioni aliweka kidole kwenye kichwa cha mwanawe, akabonyeza polepole, akaondoa.

Siku utosi ulipokuwa mgumu, alinipigia simu. Tulikwenda Jaro tena, safari hii na mtoto mgongoni.

Benchi lilikuwa limejaa. Wanafunzi, muuza karanga, mwanamke na mwavuli wake. Wamebanana kutoka ncha hadi ncha. Hakukuwa na pengo la kupitisha mkono.

"Santo," Merlinda akaita. "Twende. Tunarudi nyumbani."

Muuza karanga alimtazama. Akaita tena, kwa jina la ukoo. Akaita kwa sauti kubwa. Hiyas akaanza kulia. Shemeji yangu alisimama karibu nami, mikono ikining'inia, akisubiri. Hakuna kilichomjia.

"Wamekwenda matembezini," alisema mwishowe. "Leo ni Jumapili."

Merlinda alimshika mkono, wakavuka barabara. Pikipiki ilimpita Santo kwa unywele mmoja. Haikupunguza mwendo.

Januari, wakati wa ngoma za Dinagyang, tamasha la mji wetu, mpigapicha wetu mpya alileta picha ya ukurasa wa mbele. Kijana huyu hawajui ndugu zangu. Umati umesukumana kwenye kamba, watoto wamebebwa mabegani, watu wamepanda nguzo ili waone wachezaji. Mstari wa mbele kabisa, mahali pazuri kuliko pote pa kupigia picha, kamba imebonyea kuelekea wachezaji, kama iliyoegemewa na viwiliwili viwili. Hapo hapana mtu.

"Niikate?" aliniuliza. "Lile pengo linaharibu."

Nilimwambia aiache ilivyo. Kisha nikampigia dada yangu, nikamwambia ni barabara ipi aende akamwite.