Nakuja

Asubuhi ya Jumanne moja ya Oktoba, mwaka 1953, Fanueli alifunga muhogo wake wa kuchemsha katika kitambaa, akasimama mlangoni, akamwambia mkewe, "Nakuja."

Dorkasi akacheka. Alikuwa na mimba ya miezi minane, na kucheka kulimuumiza mgongo. "Unakwenda, unasema unakuja. Kwetu Lushoto anayekwenda husema anakwenda."

"Nimekaa pwani miaka kumi na minne, mke wangu. Nimeshaharibika."

"Basi uje na ndimu."

Hilo ndilo lilikuwa jambo la mwisho la kawaida katika nyumba ile.

Fanueli aliendesha lori la shamba la mkonge, akipeleka marobota ya katani bandarini Tanga. Kando yake alikaa Laurenti, nyapara, mtu aliyetoa amri hata aliposalimu. Saa nne, maili saba kutoka kambini, kabla hawajafika Pongwe, walimkuta pongo jike, mnyama wa jamii ya swala, amesimama katikati ya barabara. Waya wa mtego ulimkaba shingoni, na mwishoni pa waya palifungwa gogo alilokuwa ameliburuta mpaka pale. Tumbo lake lilikuwa kubwa. Hakukimbia. Alifungua kinywa, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu mzima anayekohoa.

"Gonga," alisema Laurenti.

"Ana mimba."

"Basi nyama mara mbili. Mtego wenyewe wangu."

Fanueli alichukua koleo la kukatia waya chini ya kiti, akashuka. Alipomkaribia alisikia harufu ya manyoya yaliyolowa, ingawa barabara ilikuwa vumbi tupu. Pongo alimtazama, kisha akainamisha shingo kama mtu anayempa kinyozi kichwa. Laurenti akapiga honi, akaishikilia.

"Acha ukunga wako, bwana dereva! Meli inangoja. Nitamwambia bwana mkubwa ni nani kachelewesha. Jioni tutampitia. Na gogo lile atafika wapi?"

Kukata waya kungechukua nusu dakika. Fanueli alilijua hilo wakati ule, na hakuacha kulijua baadaye. Alimwambia mnyama, kwa mazoea tu, "Nakuja," akapanda, akampita pembeni.

Jioni, Laurenti akikoroma kwa tembo alilokunywa mjini, Fanueli alipita mahali pale pale. Hakupunguza mwendo.

Kesho yake Dorkasi alimwambia kwamba saa nne mtu alikuwa akiburuta gogo uani. Alitoka kutazama, hakuona mtu. Alhamisi alilalamika kuwa kola ya gauni inambana. Gauni halikuwa na kola. Ijumaa alama nyekundu ilimzunguka shingo, nyembamba kama uzi, na chumba kilinuka manyoya yaliyolowa.

Jumapili Fanueli hakwenda kanisani. Alikwenda kijiji cha jirani kumchukua Mzee Mwinyijuma, mganga, na alipokuwa akimpa shikamoo alisikia haya, Mlutheri kwa mganga, kisha haya ikamtoka. Mzee alifukiza ubani, na ilipotimia saa nne gogo likaanza kuburutwa uani, polepole, kwenye jua kali, likazunguka nyumba mara moja, likapita chini ya dirisha bila kuacha mfuo mchangani, likaingia mlangoni ambako hapakuwa na kitu ila mwanga, likavuka sakafu hadi kitandani, likanyamaza, na Dorkasi akafungua kinywa akakohoa kikohozi kile kile cha barabarani.

"Alisema anakuja," ilisema sauti isiyokuwa yake.

Mwinyijuma akageuka. "Ulimwahidi nani?"

Fanueli alieleza kwa kunong'ona, hakuacha kitu. "Lakini sikuahidi, mzee. Ni neno tu la kuagia."

"La kuagia watu! Pepo aliyempanda mnyama yule hajui kuaga. Anajua kungoja." Mzee alimsukuma mlangoni kwa hasira. "Nenda ukakate waya. Sasa hivi, kabla hajachoka kungoja."

Fanueli alikimbilia kwa Laurenti kuomba ufunguo wa lori.

"Lori la shamba si la waganga," alisema Laurenti, akiendelea kula. "Mlutheri mzima! Hebu nitolee aibu hapa."

Akaenda kwa miguu. Alifika saa sita na robo. Gogo lilikuwa kando ya barabara, na waya umefungwa juu yake. Tanzi lilikuwa tupu, limekazwa likawa dogo kuliko kifundo cha mkono. Hapakuwa na mfupa wala unyoya. Aliukata waya. Ilichukua nusu dakika.

Aliporudi, Mwinyijuma alikuwa amekaa kizingitini.

"Saa ngapi?" Fanueli aliuliza.

"Saa tano na nusu. Yeye na mtoto."

Kwa lori angefika saa tano. Alimfunua Dorkasi, akamtazama shingo. Ilikuwa safi, haina hata mkwaruzo.

Walimzika Jumatatu. Jumanne asubuhi Fanueli alipakia marobota kama kawaida.

"Pole, bwana," alisema Laurenti akipanda. "Ni kazi ya Mungu."

Fanueli aliwasha injini. Kwenye maili ya saba, saa nne kasoro dakika tatu, alisimamisha lori, akazima injini, akachomoa ufunguo. Barabarani hapakuwa na kitu. Harufu ya manyoya yaliyolowa iliingia kwa dirisha la upande wa Laurenti.

"Mbona unasimama?" Laurenti alikuwa amepenyeza kidole ndani ya kola ya shati. "Meli inangoja. Hii kola… Fanueli, hebu nitazame shingoni. Kuna kitu kinabana."

Fanueli alichukua koleo chini ya kiti, akalitia mfukoni, akashuka.

"Unakwenda wapi wewe?"

"Nakuja," alisema Fanueli.

Akafunga mlango taratibu, akashika njia ya Pongwe. Hakuwa amefika mbali gogo lilipoanza kuburutwa. Kisha honi ikalia, ikashikiliwa, kama siku ile. Hakugeuka.