Muhuri wa Nyuma

Asubuhi ile wanawake mia tatu walisongamana kwenye ukumbi wa kiwanda cha nguo wakigombea nafasi arobaini, na dirisha la kupokelea karatasi zao lilikuwa moja tu. Nyuma ya dirisha aliketi karani wa masjala, mwembamba, shati jeupe limepigwa pasi hadi linasimama lenyewe, ila mkono wa kulia umejaa madoa ya wino wa zambarau mpaka kwenye kiwiko. Kila karatasi iliyopita mbele yake aliigonga muhuri, ta, ta, ta, kama mtu anayekata vitunguu.

Kwenye foleni alikuwamo binti wa gauni la kijani kibichi alilolishona mwenyewe. Kola yake ilikaa sawasawa kiasi kwamba msimamizi alimchagua kwa kuitazama kola tu, bila kumuuliza neno. Baadaye wenzake wangemwita Kifungu, na sababu yake utaiona. Siku hiyo alipewa karatasi tano asaini.

Nne zilikuwa za kawaida. Ya tano ilikuwa fupi: "Mimi niliyetia saini hapa chini naacha kazi kwa hiari yangu." Mahali pa tarehe palikuwa patupu. Binti akauliza mtu anaachaje kazi ambayo hajaianza. Msimamizi hakukasirika hata kidogo, alimwonyesha kwa kidevu watu waliokuwa nyuma yake, basi. Ndivyo wanavyofanya hawa. Hawakukamati mkono wakulazimishe. Wanakuonyesha foleni, na njaa yako inasaini yenyewe.

Akasaini, akazipeleka dirishani.

Kuhusu zile karatasi za tano, meneja alikuwa ametoa amri moja: mbele pabaki peupe, pasiguswe. Karani alitii kama alivyoambiwa. Alizigeuza, akazigonga nyuma. Kwake yeye karatasi iliyopita dirishani bila muhuri ilikuwa kama mtoto aliyetoka wodi ya wazazi bila jina.

"Hata hii nayo unaigonga?" binti akauliza.

"Kila kinachopita hapa nakigonga, bibie."

"Mbona mimi nimepita hujanigonga?"

Karani akacheka, mkono ukamteleza, na binti alichelewa kuuondoa wa kwake. Muhuri ukamshukia kwenye kifundo cha mkono: IMEPOKELEWA, na tarehe ya siku ile chini yake.

"Sasa nifanyeje na hili?"

"Litafutika wiki hii. Lisipofutika, njoo nikuandikie barua ya kuomba radhi."

Lilifutika siku ya tatu. Siku ya nne binti alikwenda dirishani kudai barua yake.

Hivyo ndivyo mapenzi yalivyoanza, na yalidumu miaka mitatu bila mkwaruzo. Karani alimwachia vijibarua chini ya cherehani, kila kimoja na tarehe juu hata kama kilisema tu kwamba leo umependeza. Tarakimu zake za saba alizikata kijistari shingoni, na Kifungu alimtania kwamba anazinyonga. Saa ya chakula walipigiana simu, yeye masjala, Kifungu kwenye ngazi upande wa pili wa ukuta uleule.

"Uko wapi, laazizi?"

"Nyuma ya ukuta wako. Nakusikia unavyotafuna."

"Una wivu na mkate?"

"Mkate una bahati, hauulizwi uko wapi kila siku."

Mwenye mashaka alikuwa shangazi mtu, aliyemlea Kifungu tangu utotoni. Nyumbani kwake palikuwa na kiti kimoja chenye mgongo na kigoda kimoja, na karani alipokuja kusalimia alipewa kigoda. Kiti, alisema shangazi, ni cha watu ninaowajua. Miaka ishirini na miwili nyuma yeye mwenyewe alitolewa kiwanda cha magunia kwa barua ya kuacha kazi ambayo hakuiandika, na mpaka leo angeweza kukutajia rangi ya tai ya yule aliyemsomea. Watu wa ofisini hakuwachukia. Aliwakumbuka tu.

Kifungu alikua akiisikia hadithi hiyo, ndipo alipomkuta muuza vitabu wa kando ya barabara akiwa na kijitabu cha sheria ya kazi kisicho na jalada, akakinunua. Alikisoma chooni, akakisoma akingoja cherehani itiwe mafuta, akakisoma mpaka akawa haongei dakika kumi bila kusema "kuna kifungu." Na hakusoma upande mmoja. Aliwaambia wenzake kwamba mwajiri naye ana haki zake, anaweza kukuachisha kazi, ila awe na sababu, akuandikie kosa lako, akupe muda, akusikilize ukiwa na mwenzako pembeni. Akiruka hapo, hajakuachisha, amekufukuza tu kama paka jikoni.

Kisa kilianzia mlangoni. Mlango wa dharura wa karakana ulifungwa mnyororo, eti vitambaa vinatoroka. Siku moja pasi ya mvuke iliunguza rundo la mashati, moshi ukajaa, na wanawake arobaini wakasukumana kwenye mlango mmoja mwembamba. Hakufa mtu. Mama Pacha, jirani wa Kifungu kwenye mashine, alitoka na kiatu kimoja akicheka na kulia kwa pamoja. Kesho yake watu kumi na mmoja walisimama kando ya cherehani zao wakasema hawaketi mpaka mnyororo utoke. Kifungu aliandika barua ya adabu kabisa: sheria inamruhusu mfanyakazi kukataa kazi iliyo hatari kwa maisha yake, na meneja anaombwa afungue mlango, kazi iendelee.

Mnyororo ulitolewa siku hiyohiyo. Siku nne baadaye, Jumatatu, wote kumi na mmoja waliitwa ofisini na kila mmoja akapewa nakala ya barua yake mwenyewe, ile karatasi ya tano. Mmeacha kazi kwa hiari yenu, alisema meneja, tunawatakia kila la heri. Pale palipokuwa patupu sasa palikuwa na tarehe: 17 mwezi wa 7.

Kila saba ilikuwa imenyongwa.

Kifungu alitoka nje ya lango, akampigia karani simu.

"Ile saba ni ya nani?"

Upande wa pili, ta, ta ya muhuri ikakatika.

"Nakuuliza, mpenzi. Ile saba yenye kamba shingoni ni ya nani?"

"Ni yangu. Lakini nisikilize kwanza."

"Ulizijaza lini?"

"Alhamisi."

"Alhamisi ulinipigia ukaniuliza kama nimekula."

Akakata simu. Ililia tena, ikalia tena, hakupokea. Alimzuia kabisa kwenye simu, akapeleka malalamiko ya wote kumi na mmoja kwenye baraza la migogoro ya kazi, na jibu la kiwanda likaja la mistari miwili: hawa hawakufukuzwa, waliacha wenyewe, barua hizi hapa. Kifungu aliielewa hatari yake kuliko wengine. Aliyeacha kazi mwenyewe hana wa kumlalamikia. Sababu, utaratibu, mnyororo, vyote vingebaki nje ya mlango wa baraza. Kesi nzima ilining'inia kwenye karatasi moja yenye saini yake ya kweli.

Jumapili moja mchana shangazi alikuwa akimsuka nywele, akamwambia amsimulie habari za yule mwanamume tangu mwanzo, ayatoe yote kifuani yaishe. Kifungu alianza kwa hasira, gauni la kijani, foleni, wino. Alipofika kwenye kifundo cha mkono aliugeuza mkono wake akautazama.

"Alikuwa anagonga nini pale?" shangazi akauliza.

"Ile ya tano."

"Mbele?"

Kifungu aligeuka ghafla, nusu ya nywele zikiwa mkononi mwa shangazi. Nyuma. Aliigeuza akaigonga nyuma, na tarehe ya siku ile. Nakala walizopewa zilikuwa za upande wa mbele tu.

Shangazi aliendelea kusuka taratibu. Alisema muhuri ni muhuri, lakini mtu wa kuusemea ni yuleyule aliyejaza saba. Akiamua kusema uongo, kola yako nzuri haitakusaidia.

Siku ya shauri Kifungu alivaa gauni la kijani. Chumba cha baraza kilikuwa kidogo, feni moja, meza ndefu, na mwamuzi alikuwa mama mwenye miwani inayoning'inia kifuani kwa uzi. Upande wa pili walikaa meneja na wakili wake. Kifungu, kwa kuwa ndiye aliyechaguliwa kuwasemea wenzake, aliomba jambo moja: barua zenyewe, si nakala. Wakili alitabasamu. Akasema mwajiri hana cha kuficha, na ameleta mpaka aliyezipokea. Karani akaingia na jalada kwapani, amekonda, shati lilelile jeupe. Hakumtazama Kifungu. Wakili akamuuliza kama barua hizi ni za jalada lake. Akajibu ndiyo. Wakili akaketi ameridhika.

Kifungu akasimama. Mama Pacha alimshika pindo la gauni kwa nyuma, kama anayemzuia mtu asianguke.

"Shahidi, barua hizi zilifika kwako lini?"

Feni ilizunguka. Meneja alikohoa kidogo, kikohozi cha kumkumbusha mtu.

"Kila karatasi inayopita dirishani kwangu naigonga muhuri," karani akasema. "Ukiigeuza utaona."

Mwamuzi alipandisha miwani puani, akageuza ya kwanza. Akageuza ya pili. Meneja alinyoosha shingo kama aliyeona karatasi ina nyuma kwa mara ya kwanza maishani mwake.

"Hizi zilipokelewa miaka mitatu iliyopita," mwamuzi akasema. "Siku waliyoajiriwa."

Wakili aliruka haraka, akadai kwamba huenda magurudumu ya tarehe kwenye muhuri yalikwama.

"Nayageuza mwenyewe kila asubuhi," karani akamjibu. "Na namba za masjala za barua hizi zinafuatana na za fomu zao za ajira. Zilikuja pamoja, zikiwa hazina tarehe." Sasa ndipo alipomtazama Kifungu. "Tarehe nilizijaza mimi mwezi wa saba, meneja amesimama begani kwangu. Niliogopa. Kwenye jalada hili barua ni kumi na mbili. Ya kumi na mbili ni yangu, na mahali pa tarehe bado ni patupu."

Mwamuzi alisema anaomba na hiyo ya kumi na mbili.

Kwenye ngazi, baada ya shauri, wanawake walikuwa wakikumbatiana na Mama Pacha akiigiza kikohozi cha meneja. Karani alisimama chini kabisa akiwa mikono mitupu. Kifungu aliwaacha wenzake, akamfuata.

"Kuogopa nakuelewa," alimwambia. "Hata mimi nilisaini kwa kuogopa foleni. Kilichoniua ni zile siku nne. Ulikuwa unanipigia simu huku unajua."

"Kila siku nilisema nitakwambia kesho."

"Na leo?"

"Leo nimechoka na kesho."

Kifungu alimfuta kwa kidole doa la wino lililokuwa shavuni, na doa halikutoka, na wote wawili wakacheka kabla hawajajizuia.

Uamuzi ulitoka wiki ya pili. Hakuna aliyeacha kazi. Walifukuzwa, bila sababu na bila utaratibu, na barua iliyosainiwa siku ya kuajiriwa si barua ya mtu huru. Warudi kwenye mashine zao kana kwamba hawakuondoka, na kila karatasi ya aina ile iliyomo kiwandani irudishwe kwa mwenyewe. Zilipatikana mia mbili na sitini. Wanawake waliingia karakanani kwa kupitia mlango wa dharura, makusudi, mmoja baada ya mwingine, na Mama Pacha akaupita mara mbili. Meneja alijaribu ujanja wa mwisho, akamhamishia karani stoo ya vifungo. Kifungu aliandika barua ya mistari minne kuhusu mwajiri anayemwadhibu shahidi, na Ijumaa karani alikuwa dirishani kwake.

Jumapili iliyofuata karani alikwenda kwa shangazi, suruali nyeusi, shati jipya lisilo na doa. Kwa mazoea alielekea kwenye kigoda. Shangazi akakivuta kigoda kwa mguu, akakikalia yeye.

"Kaa kitini," alisema. "Mimi miaka ishirini na miwili nilingoja mtu wa ofisini aseme 'niliogopa.' Kaa, mwanangu, utachoka."

Karani alikaa, akatoa bahasha, akampa Kifungu. Ndani mlikuwa na barua fupi ya kumwomba wafunge ndoa, na mahali pawili pa kusaini, yeye akiwa ameshasaini pake. Kifungu hakuisoma mara mbili. Aliigeuza kwanza, na huko nyuma palikuwa pamechorwa kwa mkono, kwa wino wa zambarau, kiboksi chenye neno IMEPOKELEWA na nafasi tupu chini yake.

"Mpenzi, unanijua," alisema. "Karatasi isiyo na tarehe sisaini tena, hata ikiwa ya kwako."

"Ndiyo maana sikuijaza. Ya safari hii ni yako kujaza."

Kifungu aliomba kalamu. Aliandika tarehe ya siku ile polepole, na alipofika kwenye saba akaikata kijistari shingoni. Kisha akaigeuza karatasi, akasaini.