Ufukwe Ambao Haukuandikwa

Jumamosi ile steshenari ya Asteria, jirani na stendi ya Mbinga, ilijaa watu hadi mlangoni. Walimu walitaka kuchapa mitihani, vijana walitaka kutuma maombi ya kazi, na katikati yao alisimama kijana mrefu mwenye shati la kitenge cha buluu.

"Dada, habari za kazi? Naitwa Jonas. Nichapie bei za vyumba vyangu vya wageni kule Mbamba Bay."

Kabla Asteria hajajibu, mwalimu mmoja aligeuka. "Una chumba cha familia?" Nesi naye akadakia, "Na gari dogo linafika hadi ziwani?"

Asteria alitega sikio. Watu walipoanza kuulizia miche ya parachichi, yeye alishaandika kijitabu cha kusomea kwenye simu na kukiuza wenzake wakiwa bado wamelala. Swali likijirudia, kwake lilikuwa chakula. Na tangu lami ishuke ziwani, kila mtu aliuliza habari za ziwa.

"Kaka, nitakuchapia bure," alisema. "Ila unitembeze ufukweni, niandike mwongozo wa wageni."

"Mwongozo tu? Nilidhani umependa shati."

"Shati nimelipenda. Mwenye shati bado namfanyia usaili."

Usaili ulikuwa mwepesi, tusidanganyane. Jonas alimlisha samaki wa ziwani, mbasa wa kuchoma, akamtembeza kila mahali, na mwisho akampakia kwenye mtumbwi hadi nyuma ya miamba. Palikuwa na kipande cha mchanga mweupe ambapo marehemu baba yake alimfundishia kuogelea.

"Hapa sijawahi kumleta mtu. Usipaandike, mpenzi."

"Sipaandiki."

Jonas akampiga picha moja, amesimama majini na gauni lake la manjano, anacheka.

Kuanzia hapo simu ikawa haipoi. "Umekula, malkia wa milimani?" "Nimekula, lakini sijashiba. Sauti yako imechelewa." Mwongozo ulitoka, ukanunuliwa hadi Songea, na Asteria akajiona mwenye bahati kuliko wanawake wote wa Ruvuma.

Ndipo Jumapili moja Jonas alipopiga, sauti kavu.

"Asteria, watu wamejaa kule kwa baba. Wameacha chupa na majivu. Umeuza hadi pale?"

"Sikupaandika, Jonas!"

"Nani mwingine alipajua?"

Akakata simu. Asteria alipiga, akatuma ujumbe wa sauti, kimya. Angeweza kushuka mwenyewe, lakini kuomba radhi kwa kosa ambalo hakulitenda? Mmatengo wa kijiji cha Maguu, kama yeye, ana shingo ngumu. Baridi ya Juni ikaingia, akajifunga sweta juu ya sweta, na bado alitetemeka. Wateja waliuliza maswali mapya, yakajirudia, wala hakuyasikia. Kila simu ilipolia moyo ulimruka, kisha ukaanguka. Alimtamani yule mtu hadi mbavu zikamuuma.

Mchana mmoja, duka likiwa limejaa, Jonas akaingia.

"Jana mgeni alinionyesha picha iliyomleta kule," alisema mbele za watu. "Ni wewe, na gauni la manjano."

"Picha uliyopiga wewe."

"Niliiweka stetasi. Nilitaka watu wote waone nina nani. Jamaa mmoja mwenye mtumbwi akapatambua, akaanza kupeleka wageni. Sikuwaza, Asteria. Nisamehe."

Kikulacho ki nguoni mwako.

"Uliniuliza swali," Asteria alisema taratibu, "ukakata simu usisikie jibu."

"Nimekuja kulisikia."

"Jibu ni kwamba pale pangeniuzia mwongozo kuliko kurasa zote. Nilipaacha kwa sababu nakupenda. Nikalia peke yangu."

Jonas akainamisha kichwa. "Ufukwe ule umeshakwenda, haurudi. Wewe sitaki uende. Nikituma washenga Maguu, baba yako atawapokea?"

"Sasa hivi kahawa imeiva, baba yuko kwenye buni, hapokei mtu. Waje tukimaliza kuvuna."

"Mbali mno, mpenzi!"

"Mbali, ndiyo. Ngoja na wewe, ujue inavyouma."

Mwalimu mmoja akacheka. Jonas akaitikia kwa kichwa, akageuka kuondoka taratibu, na alipofika mlangoni Asteria hakuweza kujizuia.

"Lakini ukipiga," alimwambia, machozi yakimtiririka, "nitapokea."